Mwaka Mmoja Ughaibuni: Usiifungie Gofu Yako Stoo

Nilipopata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili Edinburgh, Uskoti, fimbo zangu nilizifungia stoo kwa mama mdogo, Arusha. Nilijiambia nakwenda mwaka mmoja tu, tena katika nchi ambayo gofu yake lazima ni ya wenye pesa. Tangu Septemba hadi mwisho wa Machi sikugusa mpira. Zaidi ya nusu ya muda wangu ilikwenda hivyo, na hadi leo inaniuma. Kama unaondoka kwa masomo au kwa mkataba mfupi wa kazi, nakusihi usingoje mpaka utulie. Ukija kutulia, tiketi ya kurudi imeshakatwa.

Kilichonipoteza ni mazoea. Kwetu gofu tumeizoea ndani ya jimkana na klabu zenye geti, ada ya uanachama na kedi wa kukubebea begi. Uskoti ina viwanja zaidi ya 500, na kwenye vile vya umma unapanga foleni na fundi bomba, dereva wa basi na mwalimu mstaafu. Pale Bruntsfield Links, karibu kabisa na katikati ya Edinburgh, kuna mashimo ya umbali mfupi ambayo kuyacheza ni bure. Bure kabisa! Nilikuwa napita kando yake kila siku nikienda maktaba, nikiamini wale watu wamelipia.

Siku niliyothubutu nilikuwa na fimbo mbili kutoka duka la mitumba la hisani, kila moja paundi 4. Mzee mmoja mwenye kofia ya sufu alikuwa akicheza peke yake, nikamwomba tucheze pamoja. Mpira wangu wa kwanza ulidondoka mbali kabla ya grini, zile nyasi fupi zinazozunguka shimo, na wa pili vilevile. Akaniuliza nimetoka wapi, na huko kwetu ni juu kiasi gani. Nikamwambia Arusha, kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Hapo akacheka kwa upole, akanieleza kwamba hewa ya pwani yao ni nzito na ya baridi, mpira hauruki kama kwetu. Nichukue fimbo ndefu zaidi kwa ngazi moja, yaani namba sita badala ya saba, nisiongeze nguvu, na upepo ukinijia usoni nipige mpira wa chini.

Tulipofika kwenye grini alichuchumaa, akapitisha kiganja juu ya nyasi, akanionyesha zimelalia upande gani. Nyumbani kazi hiyo alinifanyia kedi. Yeye ndiye aliyesoma mteremko, mimi nikapiga alikoniambia. Nilikuwa nimecheza gofu miaka saba, na jioni ile ndiyo mara ya kwanza nilisoma grini kwa macho yangu mwenyewe.

Kwa hiyo nenda peke yako, na ukimkuta mtu omba kuungana naye. Katika miezi yote niliyokaa bwenini sikupata rafiki wa umri wa baba yangu. Uwanjani nilimpata ndani ya mashimo mawili. Julai alinipeleka Musselburgh, uwanja wa mashimo 9 uliomo ndani ya uwanja wa mbio za farasi. Huko ndiko kilikotumika kifaa cha kutobolea mashimo cha mwaka 1829, na upana wake ndio uliokuja kuwa kipimo cha dunia nzima, milimita 108. Nilisimama pale nikafikiria mashimo ya kwetu Arusha, kipimo kilekile.

Kabla hujaondoka, omba klabu yako uthibitisho wa hendikapu, ile namba inayoonyesha kiwango chako cha uchezaji, kisha uuhifadhi kwenye simu. Tangu 2020 nchi nyingi zinatumia mfumo mmoja wa dunia, kwa hiyo namba yako inasafiri nawe. Mimi sikuuchukua. Huko St Andrews, kama kilomita 80 kutoka Edinburgh, uwanja maarufu wa Old Course ni wa umma na hata mgeni anaweza kuingia bahati nasibu ya nafasi za kucheza inayochezeshwa siku mbili kabla, mkiwa angalau wawili. Ila bila uthibitisho wa hendikapu huchezi. Nikaishia Balgove, mashimo 9 yaliyowekwa kwa wanaoanza. Sikujutia kwenda, lakini karatasi moja ingetosha kunipa mengine. Jumapili Old Course haichezwi gofu, watu hutembea humo na mbwa wao, nami nikapita kwa miguu juu ya daraja la Swilcan, lile daraja la kale la mawe lililomo uwanjani humo.

Begi zima usilibebe. Sheria inaruhusu fimbo 14, lakini sita au saba zinatosha, na mitumba ipo. Beba viatu na glavu vinavyokukaa vizuri, halafu koti la mvua usilionee uchungu wa bei.

Panga ratiba yako kwa jua. Juni linazama karibu saa nne usiku, kwa hiyo ukitoka darasani saa kumi na moja jioni bado una mashimo 18 mbele yako, na viwanja vingi hushusha bei jioni. Desemba, saa kumi alasiri giza limeingia, na sakitu ya asubuhi hufunga viwanja. Vingine hukutaka upigie mpira juu ya kimkeka kidogo, nyasi zisiumie.

Kedi hayupo, kwa hiyo nyasi ulizong'oa zirudishe mwenyewe. Mpira ukipotea, tangu 2019 una dakika tatu tu za kuutafuta. Ukiingia kwenye vile vichaka vya miiba vyenye maua ya manjano, achana nao.

Kama ni Ujerumani, ulizia mapema cheti cha Platzreife, cha kuthibitisha kwamba unajua kucheza uwanjani, maana klabu nyingi hazikuruhusu kucheza bila hicho au hendikapu. Na kwa mwenye viza ya mwanafunzi Uingereza, usikubali kulipwa kwa kucheza au kufundisha. Masharti ya viza yanakataza.

Septemba, siku chache kabla ya kuondoka, nilimpokea mwanafunzi mwenzetu kutoka Mbeya. Hata mabegi yake hakuwa amemaliza kuyafungua. Nilimpeleka Bruntsfield jioni ileile, nikamkabidhi fimbo namba saba, na mzee wa kofia ya sufu akamwonyesha jinsi ya kuishika.