Kabla ya kuwaachia mali, waachie daftari

Baba alipofariki alituachia funguo saba zilizofungwa pamoja kwa uzi. Nne tulizijua. Mbili tulizijaribu kwenye kila kufuli na kila droo ya nyumba, hazikufungua chochote mpaka leo. Wa saba ulifungua kabati la chuma, na humo tukakuta hati ya nyumba, risiti za miaka na miaka, na daftari dogo lenye mstari mmoja ulioninyima usingizi: "Nimempa S., atarudisha." Hakuna kiasi, hakuna tarehe, na katika maisha ya baba walikuwapo akina S. watatu.

Mimi ndiye kifungua mimba, kwa hiyo usimamizi wa mirathi uliniangukia. Nilidhani kazi yenyewe ni kugawa. Kumbe kugawa huja mwisho kabisa. Kwanza unakusanya, kisha unalipa madeni, na kinachobaki ndicho mirathi. Wadogo zangu wawili walikuwa wameshajumlisha nyumba, akiba ya benki na mafao, wakagawanya kwa tatu, na kila mmoja ameshapanga matumizi. Mkopo wa baba ulipolipwa na hesabu ikapungua, nilionekana mimi ndiye niliyekula. Siwalaumu. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuambiwa kwamba kuna mkopo.

Ugomvi ule tuliumaliza. Kisichoniisha moyoni ni habari ya mdogo wangu wa mwisho. Alikuwa na miaka 22, akapokea fungu lake la fedha lote kwa siku moja, na ndani ya mwaka na nusu halikubaki kitu. Watu wakisikia hivyo hudhani alizinywa. Hakunywa. Siku moja tulikaa mezani tukaandika zilikokwenda: aliwakopesha marafiki, akanunua gari la biashara lililotaka spea kila baada ya wiki mbili, akaingia ubia na mtu aliyemfahamu kwa miezi miwili tu. Zilizobaki zilikwenda kwenye vitu vidogo ambavyo hata mwenyewe hakuvikumbuka. Ukiutazama uamuzi mmoja mmoja, kila mmoja una sababu yake. Shida ni kwamba hakuwahi kushika fedha zinazozidi mshahara wa mwezi, na mshahara una huruma: ukikosea leo, mwezi ujao unakuja mwingine. Urithi hauna mwezi ujao.

Baba alikuwa makini mno na fedha, ila umakini huo aliufanyia chumbani, mlango ukiwa umefungwa. Mali tuliiona, akili iliyoitunza hatukuiona ikifanya kazi hata siku moja.

Sasa karatasi, kwa ufupi, maana wengi hudhani mambo huishia hapo. Andika wasia, na mashahidi wasiwe warithi. Katika nchi nyingi shahidi anayenufaika na wasia anaweza kulipoteza fungu lake. Taratibu hutofautiana, kwa hiyo muone wakili wa huko uliko. Kwa Waislamu mafungu ya warithi yameshapangwa, wasia hauvuki theluthi, na mrithi hausiwi juu ya fungu lake ila wenzake wakiridhia. Hapo kazi yako kubwa ni kuhakikisha mali na madeni vinajulikana.

Halafu kuna fomu za wanufaika, zile za bima ya maisha na pensheni, ambazo mtu hujaza siku ya kwanza kazini na kuzisahau. Baba alijaza yake kabla hajaoa, akaandika jina la mdogo wake. Mahali pengi fedha hizo hufuata fomu, hazifuati wasia. Baba mdogo ni muungwana, alituletea zote. Ningependa kusema kila familia ina baba mdogo wa namna hiyo.

Na wasia ukishaandikwa, mwambie mtu ulipo. Mwimbaji Aretha Franklin alifariki mwaka 2018 na jamaa zake wakaamini hakuacha wasia. Mwaka uliofuata zikapatikana nyumbani kwake karatasi za mwandiko wake, na mojawapo, ya mwaka 2014, ilikuwa ndani ya daftari chini ya mito ya kochi. Wanawe walisimama pande mbili mahakamani, na ilipofika mwaka 2023 ndipo ikaamuliwa kwamba ile ya kwenye kochi ni wasia halali.

Si lazima mtoto apewe vyote kwa mkupuo kama alivyopewa mdogo wangu. Fungu la wanangu nimeliweka chini ya wadhamini wawili watakaolitunza kwa niaba yao: ada na matibabu zilipwe wakati wowote, theluthi ya kwanza wapewe wakifika miaka 25, ya pili 30, ya mwisho 35. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na sharti la "awe na tabia njema". Wakili aliinua macho akaniuliza, "Atakayeipima hiyo tabia ni nani?" Nikafuta. Wadhamini wenyewe sikuwachagua kwa mapenzi. Nilichagua watu wanaotunza risiti.

Nyumba ya baba bado ni yetu sote watatu, na hapo ndipo nilipojifunza hesabu chungu. Watatu wakizaa watatu watatu, kizazi kijacho kitakuwa na wamiliki tisa, kinachofuata 27, na kupaka rangi ukuta kutahitaji kikao. Kwa hiyo tumeandikiana: anayetaka kutoka awauzie kwanza ndugu zake, bei ipangwe na mthamini asiye na undugu nasi, na malipo yakamilike ndani ya miaka miwili.

Lakini karatasi zote hizi hazingemsaidia sana mdogo wangu. Alichokosa ni mazoezi. Nina nyumba ndogo ya kupangisha. Binti yangu alipotimiza miaka 16 nilimkabidhi daftari lake: nani kalipa, nani hajalipa, kimetumika nini. Tulikubaliana kwamba katika kinachobaki baada ya matumizi, sehemu moja ya kumi achukue yeye, zilizosalia anikabidhi. Miezi minne ya kwanza alijilipa vizuri kabisa. Mwezi wa tano paa likavuja, maji yakaangukia kitanda cha mpangaji.

"Mama, hela ya fundi inatoka wapi?"

"Inatoka humo humo."

Alikaa na kalamu mpaka usiku, akagundua kwamba ile aliyoiita faida nusu yake ilikuwa ya paa. Mpangaji alikuwa akipiga simu kila asubuhi, na mkono wangu uliwasha kwenda mfukoni. Nilijizuia, na nakiri haikuwa rahisi. Akamwomba fundi apokee kwa awamu mbili, kisha akakaa miezi mitatu bila kujilipa hata senti. Tangu hapo, kodi ikiingia tu, anatenga sehemu moja ya tano na kuiandika "paa". Hata bomba likipasuka, fedha zinatoka kwenye "paa".

Kila mwisho wa mwaka nakaa naye na mdogo wake tunafungua kila kitu: hati, mkopo uliobaki, nani ameandikwa kwenye fomu ipi, nani ananidai. Mara ya kwanza nilijisikia kama nimevuliwa nguo mbele ya watoto. Kijana, mwenye miaka 13, alinyamaza muda mrefu, mwishowe akataka kujua kwa nini dada yake ana daftari na yeye hana. Binti alikuwa na lake: alitaka mahesabu ya nyumba ile ya miaka sita kabla hajaanza yeye, ayalinganishe na yake. Nilimwambia nitayatafuta. Bado nayatafuta.