Gari likilala siku tatu linakataa kuwaka? Pima kwanza kabla hujanunua betri

Gari langu ni Land Cruiser iliyorefushwa, dizeli ya 1HZ, paa la kufunguka, friji ya vinywaji nyuma, redio ya upepo, soketi za USB kila kiti. Gari la utalii la kawaida kabisa hapa Arusha. Msimu ukiwa juu halikunisumbua hata siku moja. Balaa lilianza Aprili, masika, wageni wachache, gari linalala uani siku nne au tano. Siku ya kwenda kuchukua wageni hotelini, saa kumi na mbili asubuhi, napiga stata: tik, tik, tik. Majirani wakatoka kusukuma kwenye tope, mmoja bado ana taulo shingoni.

Nikanunua betri mpya. Wiki tatu baadaye, yale yale. Fundi akaja, akaniwashia gari kwa nyaya za kubusti, kisha akachomoa kichwa cha betri injini ikiunguruma. Taa zikacheza, naye akatikisa kichwa. "Kaka, altaneta imeenda hii." Altaneta ndiyo inayochaji betri injini ikiwaka. Nikafunga nyingine. Siku tano, gari limekufa tena.

Hapo niseme jambo moja kwa sauti kubwa: usimruhusu mtu achomoe kichwa cha betri injini ikiwaka. Umeme unaweza kupanda ghafla ukaua diodi za altaneta na vifaa vingine vya gari. Kama unataka kujua altaneta inachaji, weka maltimita, kile kipimo kidogo cha umeme, kwenye vichwa viwili vya betri gari likiwa limewashwa. Ukisoma kati ya volti 13.8 na 14.5, altaneta inafanya kazi. Ni kipimo cha sekunde kumi, na kingeniokolea hela nyingi.

Kwa hiyo nikanunua maltimita yangu, ya bei rahisi tu, nikaanza upya. Kwanza betri yenyewe: nikaichaji mpaka ikajaa, nikaiacha saa chache itulie, ikasoma volti 12.7. Nikailaza usiku kucha bila kuiunganisha na kitu. Asubuhi, 12.7 ile ile. Ingeshuka yenyewe hadi 12.2, hiyo ni nusu ya chaji, ningejua betri ndiyo mbovu. Betri nzima, basi gari ndilo linaloinywa.

Kipimo cha pili ndicho chenyewe. Zima kila kitu, toa ufunguo, funga milango. Kama taa ya ndani huwashwa na mlango, hakikisha imezimika. Fungua waya wa hasi kwenye betri, hamishia waya mwekundu wa maltimita kwenye tundu la ampea 10, kisha ipitishe katikati: mguu mmoja kwenye kichwa cha betri, mwingine kwenye ule waya uliofungua. Umeme wote unaotoka sasa unapita kwenye mita. Gari lenye kompyuta nyingi lipe nusu saa lisinzie kwanza. Gari likilala linatakiwa kula kama ampea 0.02 hadi 0.05 tu, za saa na kumbukumbu ya redio.

Langu lilikuwa linakula 0.71.

Fanya hesabu: 0.71 mara saa 24 ni ampea-saa 17 kwa siku. Betri yangu ni ya ampea-saa 100. Siku tatu, nusu imekwisha, na dizeli kubwa haiwaki kirahisi kwa nusu betri.

Nikiwa nashangaa hiyo namba, mpwa wangu akaingia garini akageuza ufunguo, eti asikilize mpira. Hita za injini zikavuta umeme wote kupitia maltimita yangu. Kuanzia hapo ikasoma 0.00, na mimi, nakiri, nilifurahi kama robo saa nikidhani tatizo limejiondokea. Kumbe fyuzi ya ndani ya mita ndiyo iliyoungua. Kwa hiyo ukiona sifuri safi kabisa, kagua mita kwanza, halafu ficha ufunguo.

Nilipobadilisha fyuzi nikaanza kuchomoa za gari, moja baada ya nyingine, macho kwenye mita. Kanuni ni kwamba ukichomoa ya mwizi, namba inashuka. Nilimaliza boksi zima na namba haikushuka cha maana. Nikakaa chini nikanywa chai.

Jibu lilikuwa mbele ya pua yangu. Gari la utalii linatoka kiwandani likiwa tupu. Vikorombwezo vyote vinafungwa hapa mjini, na mafundi wetu wanapenda njia ya mkato: waya moja kwa moja hadi betri, bila kupita kwenye boksi la fyuzi. Kwenye chanya ya betri yangu nilikuta nyaya tano za ziada. Nikazifungua moja moja. Ya tatu, namba ikaanguka kutoka 0.71 hadi 0.15. Nikaufuata waya huo mpaka chini ya kiti cha nyuma, kwenye inveta ya kuchajia kamera, ile inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani. Swichi yake ilikuwa ON, taa yake ya kijani imetazama ukutani. Hakuna kilichochomekwa, lakini inveta ikiwa imewashwa inakula hata bila mzigo.

Wengi huishia hapo. Mimi pia nilitaka kuishia hapo, lakini 0.15 bado ni nyingi. Waya uliofuata ulikuwa wa zile soketi za USB, saba, kila moja na ka-taa kake ka bluu kasikozimika. Zilipotoka, mita ikasoma 0.03.

Msimu ukiwa juu gari linatembea kila siku, altaneta inarudisha kilicholiwa, na wizi hauonekani.

Inveta na soketi sasa zinapita kwenye rilei, swichi inayojiendesha kwa umeme, inayopitisha umeme pale tu ufunguo unapogeuzwa. Nimeweka pia swichi ya kukata hasi kwa siku za mvua, ingawa saa ya gari inapoteza majira kila nikiizima.

Altaneta ya zamani ninayo stoo. Niliipeleka kwa fundi mwingine akaifunga kwenye mashine ya kupimia. Inachaji vizuri kabisa.