Fundi mpya, acha kumwambia mteja kwamba Mac haishikwi na virusi

Mafundi wapya wa Wandegeya na Nasser Road hapa Kampala, kauli hii bado tunaisikia: mteja akilalamikia virusi, anaambiwa anunue Mac au awekewe Ubuntu (mfumo endeshi wa aina ya Linux), yataisha. Hayataisha! Kompyuta ya aina yoyote hutii programu iliyopewa ruhusa, na haina njia ya kujua nia ya aliyeiandika.

1. Historia muijue. Virusi vya Elk Cloner vilisambaa kwa diski za Apple II, kompyuta ya kampuni ileile ya Mac, mwaka 1982, Windows haijazaliwa. Mwaka 2012 Flashback ilishika Mac zaidi ya 600,000 kupitia udhaifu wa Java. Linux nayo? Mwaka 2024 mlango wa siri ulikutwa ndani ya xz, programu ya kubana mafaili, na ulibambwa kwa sababu mhandisi mmoja alishangaa SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali, kuchelewa nusu sekunde. Windows hulengwa zaidi kwa kuwa ndiyo iliyojaa mezani kwa watu.

2. Flashi. Hapa ndipo mnapotuumiza. Mwanafunzi wa Makerere analeta flashi yenye tasnifu, folda zote zimegeuka shotikati za KB 1 au 2. Fundi mpya anabofya mara mbili, folda inafunguka, anatulia. Kumbe shotikati imefanya kazi mbili: imefungua folda, na imeita wscript.exe, programu ya Windows ya kuendesha skripti, iendeshe faili la .vbs lililofichwa, ambalo ndilo kirusi chenyewe. Kuanzia hapo kila flashi inayochomekwa dukani, ya kadi za harusi, ya kanisa, ya mabango ya kampeni, inaondoka na kirusi hicho.

Mwingine anaharibu zaidi: anaformati papo hapo. Jamani, tasnifu ilikuwa haijafutwa! Mafaili yamefichwa tu, mara nyingi ndani ya folda isiyo na jina. Chomeka flashi kwenye mashine ya Linux utayaona. Nakili nyaraka na picha; zinazoishia na .lnk (shotikati), .vbs, .js (skripti) na .exe (programu) ziache. Ndipo uformati. Kama una Windows pekee, safisha kwanza mashine yenyewe, la sivyo flashi itaambukizwa tena kabla hujaichomoa. Kisha fungua cmd (dirisha la amri la Windows), na ikiwa herufi ya flashi ni E, andika hivi ili mafaili yaliyofichwa yaonekane:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Mwambie mteja alete na laptopu yake. Bila hiyo atarudi kesho na tatizo lilelile.

3. Kraki (programu ya kuvunja leseni) inayokutaka uzime Defender, kinga ya virusi ya Windows, kwanza, usiiendeshe kwenye mashine ya mtu.

4. WannaCry, virusi vya kudai fidia (hufunga mafaili hadi mwenyewe alipe), ilivamia Windows Mei 2017, na kiraka cha Microsoft, yaani sasisho la kuziba udhaifu huo, kilikuwa kimetoka Machi. Mteja anazima masasisho kwa kuogopa bando kuisha, tunamwelewa. Basi mpakulie dukani kabla hajaondoka. Mwenye Windows 10 ajue msaada wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

5. Mfungulie akaunti ya kawaida ya kazi za kila siku, ya msimamizi ibaki pembeni. Bakapu iwe kwenye diski ya nje, na ichomolewe ikimaliza; ikiachwa imechomekwa, virusi vya kudai fidia vitaifunga pamoja na mashine.