Anza na sikio, tumbo litafuata

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza: msafiri wa majini afanye nini asilevywe na mawimbi, na akishalevywa asaidiwe vipi? Nawajibu kutoka Ujiji. Kwa miaka kumi na minne nimekuwa nikipeleka vitenge na sabuni kwenye vijiji vya kusini ya Ziwa Tanganyika, Sunuka, Sigunga, Buhingu mpaka Kalya, na kurudi na dagaa. Najua wengine watawaandikia habari za meli za kitalii au boti ya kwenda Unguja. Mwili wa binadamu ni uleule. Ziwa letu lina urefu wa zaidi ya kilomita 650, na upepo wa kusini ukishika kati ya Mei na Septemba, hulipiga kwa urefu wake wote. Boti inayokwenda Kalya hukutana na mawimbi hayo uso kwa uso.

Kosa kubwa tunalofanya ni kulilaumu tumbo. Muuguzi mmoja niliyesafiri naye ndiye aliyenieleza, nami tangu siku hiyo nimeacha kubahatisha. Ndani kabisa ya sikio kuna vijimirija vyenye majimaji vinavyoupasha ubongo habari kwamba mwili unayumba. Ukijifungia chumbani au ukiinamia simu, macho yanauambia ubongo kwamba umetulia tuli. Habari mbili hizo zinapogongana ndipo jasho la baridi linapotoka, mate yanajaa mdomoni, na kigegezi kinaanza. Ndiyo maana hata asiyeona hulevywa na mawimbi, lakini mtu ambaye viungo hivyo vya ndani ya sikio vimekufa kabisa halevywi.

Basi dawa ya kwanza ni kuyapa macho habari ileile inayopewa sikio. Tazama mbali, pale maji yanapokutana na mbingu, au milima ya ng'ambo ya Kongo siku ikiwa nyeupe. Usiangalie maji yanayopita ubavuni. Simu na daftari la mahesabu viweke mfukoni.

Dawa ya pili ni mahali pa kukaa, na hapa namwomba msomaji anisikilize vizuri. Chombo huyumba kama bembea ya ubao: ncha hupanda na kushuka sana, katikati kidogo. Watu hukimbilia mbele kwa sababu kuna upepo, au nyuma karibu na injini kwa sababu hakurushi maji. Mbele utarushwa juu kwa kila wimbi, nyuma utavuta moshi wa petroli. Kaa katikati, chini, mahali penye hewa. Hata kwenye meli kubwa kanuni ni hiyohiyo. Nilipopanda MV Liemba, ile meli iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913 ikaletwa Kigoma vipande vipande, nilikuta wenye vyumba vya juu wakiyumba kuliko sisi wa chini. Ila chini kulikuwa na joto na harufu nzito ya samaki, nayo harufu humwangusha mtu haraka. Nilipanda sitaha, nikasimama katikati ya meli, nikatulia. Kwa hiyo anayekata tiketi ya safari ya kitalii asidanganyike na chumba cha juu kabisa kule mbele kwa kuwa bei yake ni kubwa. Aombe cha chini, katikati, chenye dirisha.

Kuhusu chakula, wapo wanaopanda na njaa wakiamini tumbo tupu halina cha kutapika. Wanatapika nyongo. Wapo pia wanaoshiba ugali na samaki aina ya mgebuka wa mawese dakika kumi kabla ya boti kuondoka. Mimi hula kidogo na kikavu, muhogo wa kuchemsha au mkate, saa mbili kabla, kisha natafuna tangawizi njiani. Tangawizi huwasaidia wengi, si wote. Pombe ya usiku wa kuamkia safari ni adui.

Vidonge vipo, na kosa ni kuvimeza ukiwa umeshaanza kutapika, kwa sababu vitatoka navyo. Promethazini na sinarizini humezwa saa moja au mbili kabla ya kupanda. Promethazini huleta usingizi mzito, na mtoto wa chini ya miaka miwili hapewi. Kuna pia kiraka cha hayosini kinachobandikwa nyuma ya sikio saa kadhaa kabla ya safari, nacho hufanya kazi siku tatu. Wenye presha ya macho au matatizo ya tezi dume wamwone daktari kwanza, na mama mjamzito asimeze chochote bila kuuliza. Kwenye meli ya siku nyingi mwili huzoea wenyewe baada ya siku mbili tatu. Sisi wa boti za saa chache hatupati nafasi ya kuzoea, kwa hiyo kujiandaa ni lazima.

Sasa niseme linaloniuma. Safari moja, karibu na Sigunga, dada mmoja mjamzito aliinuka ghafla akajiinamisha ukingoni atapike. Wimbi lilipiga, miguu yake ikaacha ubao. Kijana aliyekuwa nyuma yake alimdaka kiunoni na kumrudisha, na khanga yake ilibaki majini. Maji yale yana kina kinachofika mita 1,470, na hakuwa amevaa jaketi la kujiokolea. Nilitetemeka mpaka tulipofika. Tangu hapo nabeba mifuko ya kutapikia, nami huigawa kabla ya injini kuwashwa. Nawasihi manahodha wetu: mfundisheni abiria kutapika akiwa ameketi, na jaketi livaliwe, lisikaliwe.

Aliyekwisha kulevywa mlaze chali, kichwa kisitikisike, macho ayafumbe, mfungulie nguo shingoni, mpeleke penye upepo. Asilazimishwe kula. Mpe maji kidogo kidogo, funda baada ya funda. Akitapika sana, changanya lita moja ya maji salama na vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Watoto wa miaka miwili hadi kumi na miwili ndio huumia zaidi, wawe wa kwanza kutazamwa.

Tena msimnyweshe mtu maji ya ziwa eti "ayazoee mawimbi". Nimeona wazee wakifanya hivyo kwa nia njema kabisa. Mwaka 2015 wakimbizi wa Burundi walipojazana kijijini Kagunga, kipindupindu kiliwaua hapohapo kando ya ziwa hili hili. Bebeni maji yaliyochemshwa.

Na jambo la mwisho. Kulevywa na ziwa huisha ukikanyaga nchi kavu, ingawa ardhi inaweza kuonekana kama inatikisika kwa saa kadhaa. Mtu akishuka Ujiji na bado anatapika siku ya pili, au mwili unachemka, asiseme ni mawimbi. Kigoma malaria ipo mwaka mzima. Apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo akapimwe damu.

Mama mfanyabiashara,
Ujiji, Kigoma