Nafsi, binafsi na ubinafsi katika waraka wa bajeti

Swali: Mimi ni katibu wa kikundi cha wakazi hapa Kawangware, Nairobi. Tunaandika waraka wa maoni yetu kuhusu bajeti ya kaunti: kalvati, taa za barabarani na fedha za basari. Mwenzetu ametuletea sentensi ya kufungulia: “Nafsi ya mtu ni bahari ya ubinafsi wake, basi kila binafsi ajitazame kwa binafsi yake kabla ya kutazama maslahi ya ubinafsi katika fedha za umma.” Nusu ya kikundi wanaiona ni hekima nzito. Sisi wengine tunaisoma mara tatu bila kushika kitu. Tena tunabishana: ni maslahi ya kibinafsi, maslahi binafsi au maslahi ya ubinafsi? Na je, “mimi binafsi” ni kosa?

Jibu: Ndugu katibu, sentensi hiyo iondoeni. Kosa lake si kwamba inagusa nafsi, maana nani anajifaidisha na nani anaumia ndilo hasa jambo mnalotaka kulisema. Kosa lake ni kwamba inalificha. Maneno matatu ya ukoo mmoja, nafsi, binafsi na ubinafsi, yamerundikwa mpaka haijulikani nani anafanya nini, na mjumbe wa kamati ya bajeti atakayesoma waraka wenu anatafuta hayo mawili kabla ya mengine yote.

Kuna kipimo kimoja chepesi. Zibadilisheni nomino viti. “Ubinafsi wa mtu ni bahari ya nafsi yake.” Bado inasikika nzito. “Bahari ya mtu ni nafsi ya ubinafsi wake.” Hiyo nayo inapita. Maana ikibaki ileile nomino zikihamahama, ujue haikuwapo tangu mwanzo. Sasa chukueni methali inayosema jambo lenyewe mnalolitafuta: Mwamba ngoma huvutia kwake. Ipindueni: “Ngoma ya kwake huvutia mwamba.” Imevunjika papo hapo, kwa kuwa kila neno lilikuwa na kazi yake.

Mwamba wa methali hii si jabali, ingawa wanafunzi wengi hulichora jabali. Ni mtu anayewamba. Kuwamba ni kunyoosha ngozi juu ya mzinga wa ngoma na kuikaza, na vilevile kusuka kamba kwenye fremu ya kitanda. Ngozi haikazi bila kuvutwa, na mkono wa anayeivuta hurudi kifuani mwake. Methali haimtukani mwambaji, inaeleza tu ngozi inaelekea wapi na kwa mkono wa nani. Waraka wenu unahitaji kufanya kazi hiyohiyo.

Sasa maneno yenyewe. Nafsi limetoka katika Kiarabu, nafs, na ni nomino ya ngeli ya I-ZI: nafsi yangu, nafsi zao, nafsi iliyotulia. Ingawa linamhusu mtu, halichukui upatanisho wa mtu, kwa hiyo “nafsi wangu” ni kosa. Kiswahili huitumia nafsi kwa uzito wa kweli pale inapotenda: nafsi yake inamsuta, nafsi yangu imekataa, ameitia nafsi yake hatarini. Angalieni kuwa katika semi hizo nafsi ina kitenzi chake na kuna jambo linalotokea. Mtu ambaye nafsi inamsuta hapati usingizi. Nafsi iliyo bahari ya kitu haifanyi lolote.

Binafsi ni nafs ileile ikiwa na bi- mbele yake, na bi- ya Kiarabu hapa ina maana ya “kwa”, kama ilivyo katika bismillahi. Binafsi basi tayari ni “kwa nafsi”. Ndiyo maana “kwa binafsi yake” inagongana: ni kama kusema “kwa kwa nafsi yake”. Semeni “kwa nafsi yake” au “yeye binafsi”. Tena binafsi si nomino, kwa hiyo “kila binafsi” haisimami. Mnayemtaka ni “kila mtu” au “kila mmoja”.

“Mimi binafsi” si kosa. Binafsi hapo inamtenga msemaji na kundi lake: “Kikundi kinataka taa, mimi binafsi naona tuanze na mtaro.” Ina kazi kwa sababu kundi limetajwa. Kasoro huja pale mtu anapofungulia kila aya kwa “mimi binafsi kwa maoni yangu mwenyewe”, ambapo maneno matatu yanafanya kazi ya moja. Katika waraka wa kikundi msiitumie kabisa. Nafsi yenu kisarufi ni ya kwanza wingi: tunaomba, tunapinga, tumehesabu. Kuandika “inaombwa” au “inapendekezwa” kunamwacha msomaji akiuliza ni nani aliyeomba.

Kuhusu maslahi, “maslahi ya kibinafsi” na “maslahi binafsi” yote mawili ni sahihi na maana ni moja. Binafsi ni kivumishi kisichopokea viambishi vya ngeli, kama safi au hodari, kwa hiyo hukaa moja kwa moja baada ya nomino. Kibinafsi huunganishwa kwa -a ya uhusiano. Kenya husikika zaidi “shule ya kibinafsi” na “sekta ya kibinafsi”. Tanzania “shule binafsi” na “sekta binafsi”. Chagueni moja na msiichanganye ndani ya waraka mmoja. Kuna pia wanaoandika masilahi, nayo inakubalika. Neno hilo ni ndugu wa suluhu na kusuluhisha, mzizi mmoja wa Kiarabu.

“Maslahi ya ubinafsi” ni jambo jingine kabisa, na hapa nawaomba muwe waangalifu sana. Ubinafsi ni tabia ya kujitazama peke yako na kuwasahau wenzako. Ni lawama. Maslahi ya kibinafsi si lawama: mjumbe mwenye duka mbele ya mahali panapokusudiwa kujengwa kalvati ana maslahi ya kibinafsi hata kama ni mtu mwema kuliko wote katika wadi. Duka lake litafaidika, basi. Ibara ya 75 ya Katiba ya 2010 inamtaka afisa wa serikali aepuke mgongano kati ya maslahi yake ya kibinafsi na majukumu yake ya umma, na Sheria ya Mgongano wa Maslahi ya 2025 imejengwa juu ya wazo hilohilo. Mkiandika ubinafsi mnadai kuijua nia yake, na mtatakiwa kuithibitisha. Mkiandika maslahi ya kibinafsi mnahitaji kuonyesha duka liko wapi na kalvati iko wapi. Jambo hili la pili linapimika kwa futi kamba.

Msiuchanganye ubinafsi na ubinafsishaji pia, yaani kuhamisha mali ya umma kwenda mikononi mwa watu au kampuni. Wala msiuite ubinafsi kile ambacho ni faragha: orodha ya wanafunzi wanaoomba basari ina habari za kibinafsi zinazohitaji faragha.

Tuje kwenye kitenzi, maana hapo ndipo Kiswahili kinapoiweka nafsi inayojivutia. Kiambishi ni ji-, na hukaa mara tu kabla ya mzizi, katika kiti cha mtendwa: a-li-ji-pa. Kiti hicho ni kimoja tu, kwa hiyo huwezi kusema “alijiwapa”. Ukitaka kuwataja wengine unawaweka nje: “alijipa yeye na jamaa zake”.

Tazameni kinachotokea ji- inapokutana na kauli ya kutendea, ile ya -ia na -ea. Tenga, tengea, jitengea. Gawa, gawia, jigawia. Chota, chotea, jichotea. Kata, katia, jikatia. Kauli ya kutendea inaonyesha kitendo kimefanywa kwa faida ya nani, na ji- inajibu kwamba ni kwa mtendaji mwenyewe. Neno moja, alijitengea, lina mtendaji, wakati uliopita, kitendo na mfaidika. Hakuna rundo la nafsi na binafsi litakaloeleza hivyo kwa herufi kumi na moja.

Linganisheni na lugha ya taarifa nyingi za miradi: “Fedha zilitengwa.” Kauli ya kutendwa imemfuta mtendaji, na kwa kuwa haina -e- ya kutendea imemfuta mfaidika vilevile. “Barabara ilitengewa fedha” inamrudisha mfaidika. “Kamati ilitengea barabara fedha” inawarudisha wote wawili. Mkipewa taarifa ya mradi, ipitieni kwa kalamu, pigeni mstari chini ya kila kitenzi chenye -wa mwishoni, kisha ulizeni: nani alitenga? Alimtengea nani? Kitenzi kisichojibika kigeuzeni kiwe swali katika waraka wenu. Ibara ya 201 inataka uwazi, uwajibikaji na ushirikishaji wa umma katika mambo ya fedha, kwa hiyo kuuliza mtendaji ni nani si utovu wa adabu.

Lakini msidhani kila ji- yenye -ea ni ya kujinufaisha. Kujitolea inakwenda kinyume: kinachotolewa ni nafsi yenyewe, na -lea inaelekea kwa wengine. Hapa ndipo kumbukumbu za mikutano huharibika zaidi. Mjumbe mwenye duka anaposema, “Nina maslahi hapa, nakaa kando,” amejitoa, au kwa usahihi zaidi amejiondoa kwenye uamuzi. Katibu akiandika “alijitolea”, kumbukumbu zitasomeka kwamba alijipendekeza kuifanya kazi ile. Herufi mbili zimemgeuza aliyetoka akawa aliyeingia. Na akiandika “alijiuzulu”, amemwondolea mjumbe cheo kizima badala ya ajenda moja. Andikeni: “Mjumbe alitangaza maslahi yake, akajiondoa kwenye mjadala wa kalvati, akarejea ajenda iliyofuata.” Muongeze saa aliyotoka na saa aliyorudi.

Neno jingine la kulitazama ni -enyewe. Hupatana na nomino yake: mjumbe mwenyewe, wajumbe wenyewe, kamati yenyewe, kalvati zenyewe. Tatizo lake ni kwamba mwenyewe pia ni mmiliki. “Kichochoro kisafishwe na wenyewe” inaweza kuwa wakazi kwa mikono yao, au wenye nyumba kwa gharama zao. Tofauti ya hizo mbili ni pesa. Katika waraka wa bajeti andikeni “wakazi” au “wenye nyumba”.

“Yetu” nayo ina mtego wa aina hiyo. Mkisema “basari yetu” kuna mifuko miwili inayoweza kuitwa hivyo: ya kaunti, na ya hazina ya eneo bunge, ambayo mfumo wake ulianza 2003. Waraka uliolalamikia mfuko wa pili mbele ya kamati ya kaunti huwekwa kando hata kama lalamiko ni la haki.

Sentensi ya kufungulia basi iwe namna hii: “Sisi wakazi tunaomba kila mjumbe wa kamati, kabla mradi haujajadiliwa, atangaze kama yeye au jamaa yake atafaidika nao, kisha ajiondoe kwenye uamuzi.” Wazo la mwenzenu limo lote: kila mtu ajitazame kabla ya kugusa fedha za umma. Kilichoongezeka ni nani, lini na afanye nini baadaye. Kama anapenda kubakiza kitu cha hekima, methali ya mwamba ngoma ikae juu ya sentensi hii, bila maelezo.

Baada ya hapo nendeni kwenye vitu. Si “maendeleo ya taa kwa manufaa ya nafsi zote” bali, kwa mfano, “taa 12 katika kichochoro cha mita 300, kutoka kisimani hadi lango la shule, kwa sababu wanafunzi hupita hapo kabla ya alfajiri.” Idadi, urefu, mwanzo, mwisho, sababu. Makadirio ya bajeti hutakiwa kufika katika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Waraka unaopimika hupata nafasi kati ya tarehe hizo kwa kuwa mtu anaweza kuukokotoa.

Na nimeandika nafasi, si nafsi. Kabla ya kupiga chapa, tafuteni maneno hayo mawili katika waraka wote, moja baada ya jingine. Simu nyingi zenyewe hugeuza nafsi ikawa nafasi, na mkaguzi wa tahajia hanasi kosa kwa kuwa maneno yote mawili yapo. “Nafsi za kazi kwa vijana” na “kila nafasi itahesabiwa” zote huonekana safi kwenye kioo.