Maswali ya Wasomaji: Protini Inayonasa Madini Adimu

SWALI: Nafanya shahada ya uzamivu kuhusu lanmodulini, protini ya bakteria inayonasa madini adimu. Nimeigandisha kwenye shanga za agarosi (chembe ndogo za jeli), mililita 5 ndani ya mrija. Mwanzoni ilinasa neodimiamu, madini adimu ya sumaku, vizuri, ila kufikia mzunguko wa sita wa kupakia na kuosha imebaki nusu. Protini imekufa?

JIBU: Usiishuku protini kwanza. Lanmodulini hustahimili asidi na joto kuliko protini nyingi. Anza na hesabu: pima neodimiamu iliyoingia, iliyopita bila kunaswa, na iliyotoka ulipoosha kwa asidi. Mbili za mwisho zikijumlishwa zikapungua kuliko iliyoingia, basi madini yamebaki ndani na uoshaji wako hautoshi. Zikilingana, shanga zimepoteza protini au nafasi zimezibwa na kitu kingine.

Kwa uoshaji, pitisha asidi hidrokloriki ya 0.03 M (pH karibu 1.5) mililita 15, kwa 0.5 ml kwa dakika. Wengi huharakisha hapa, na mkia wa madini hubaki hadi mzunguko unaofuata. Kisha rudisha mrija kwenye pH 3 kabla ya kupakia tena.

Kinachoziba mara nyingi ni chuma. Kama neodimiamu yako inatoka kwenye sumaku zilizoyeyushwa kwa asidi, unapopandisha pH ya myeyusho huo, kila tone la sodiamu hidroksidi huunda sehemu yenye pH ya juu kwa muda, na chuma cha Fe³⁺ huganda hapo hapo kuwa chembe laini za kahawia. Alumini hufanya hivyo pia, pH ikipanda zaidi. Tumia hidroksidi iliyozimuliwa, koroga kwa nguvu, subiri, chuja kwa 0.22 µm. Pima neodimiamu kabla na baada ya kuchuja, maana chembe hizo huondoka nayo. Bufa ya fosfeti isikaribie kabisa: fosfeti na madini adimu huganda pamoja.

Kama ni protini iliyochomoka, kagua ulivyoiunganisha. Sisteini (amino asidi yenye salfa) moja mkiani mwa protini ishikane na maleimidi, kemikali ya kuunganishia iliyo kwenye shanga, kwenye pH 6.5 hadi 7.5, ukivuka hapo, maleimidi huvunjwa na maji au hushika amini. DTT, kemikali inayozuia sisteini zisishikane zenyewe, iondolewe yote kabla, kwani nayo hugombea maleimidi ileile.

SWALI: Gramu moja ya protini inashika kiasi gani?

JIBU: Kidogo, na ni vizuri kulijua mapema. Protini ina uzito wa takriban kilodaltoni 12 na vifundo vinne vya kushikia madini, vitatu ndivyo vyenye mshiko mkali. Kwa neodimiamu, hiyo ni takriban miligramu 36 kwa gramu. Faida basi iko katika kuitumia tena na tena. Ukiona shanga zinashika ioni 2 kwa kila protini badala ya 3, hilo hutokea. Lakini kabla ya kulaumu shanga, hakikisha kipimo cha protini: lanmodulini ya asili haina triptofani, amino asidi inayonyonya sana mwanga wa nanomita 280, hivyo usomaji wa hapo ni hafifu na hupotosha kirahisi.

SWALI: Kalsiamu imejaa kila mahali. Inatofautishwaje? Na je, neodimiamu na disprosiamu, madini adimu mengine ya sumaku, zinatenganishika?

JIBU: Vifundo vyake vinafanana na vile vya protini za kalsiamu, ila vina prolini mahali pasipo pa kawaida, na mshiko wa lantanaidi (kundi la madini adimu lenye neodimiamu na disprosiamu) huzidi wa kalsiamu takriban mara milioni 100. Kalsiamu basi si tishio. Lantanaidi zenyewe kwa zenyewe ndizo ngumu kutofautisha: lanmodulini ya awali, iliyotangazwa mwaka 2018 na kundi la Joseph Cotruvo wa Penn State, hushika lantanaidi nyepesi zaidi, lakini tofauti kati yao ni ndogo. Mwaka 2023 ilitangazwa ya bakteria Hansschlegelia quercus, ambayo molekuli zake huungana mbilimbili zinaposhika lantanaidi nyepesi. Kwa hiyo hutenganisha neodimiamu na disprosiamu, kila moja kwa usafi unaozidi 98%, kwa hatua moja. Kama lengo lako ni sumaku, anza na hiyo.