Nimeanza keto, mbona moyo unadunda hivi?

Wiki hizi maswali ya keto, ule mlo wa kukata wanga na kula mafuta mengi, yamejaa na karibu yote yanagusa kitu kimoja, mapigo ya moyo. Nimechagua machache yanayowakilisha wengine. Msiposoma yote basi someni la pili na la mwisho, hasa kama mnatumia dawa.

SWALI: Dokta shikamoo. Nina miaka 36, sina ugonjwa wowote ninaoujua. Nimeanza keto wiki iliyopita na wanga nimekata kabisa, siku ya nne hivi nikaanza kusikia moyo unaenda mbio. Nikiwa nimekaa saa yangu inaonyesha 78 nikisimama tu inaruka mpaka 110 afu kizunguzungu juu, kichwa kinauma, usiku nikilala nausikia unadunda kwenye mto. Kilo tatu zimeshuka na nimefurahi lakini naogopa, je haya mafuta ninayokula yameshaanza kuziba mishipa?

JIBU: Marahaba. Tuanze na hofu yako ili ulale, mishipa haizibwi na mafuta ya siku nne, hilo ni jambo la miaka. Ukiendelea na keto kwa miezi pima lehemu (kolesteroli), manake kuna watu inapanda sana, ila sio hiyo inayokudundisha moyo saivi.

Kinachokudundisha ni chumvi na maji uliyopoteza. Insulini watu wanaijua kwa sukari tu, kumbe ina kazi nyingine, inaiambia figo ishike chumvi isiiachie. Ukikata wanga insulini inashuka, figo zinaachia sodiamu, madini yaliyo kwenye chumvi, kwenye mkojo, na sodiamu ikitoka maji yanaifuata, ndo maana siku za mwanzo ulikuwa unaenda chooni kila saa. Ongeza na hili, mwili unaweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli kama gramu 400 mpaka 500 hivi, na kila gramu imeshikana na maji karibu gramu 3, sasa akiba ikiisha na maji yake yanatoka. Kwaiyo hizo kilo tatu, samahani kukwambia, sehemu kubwa ni maji. Mafuta yatafuata ukivumilia.

Sasa maji yakipungua mwilini na ujazo wa damu unapungua. Ukisimama damu inavutwa kwenda miguuni, inayorudi kwenye moyo inakuwa kidogo, na moyo ili ubongo usikose hauna njia ila kuongeza kasi, kama pampu ya tangi lenye maji pungufu. Mtu mzima mwenye maji ya kutosha akisimama mapigo yanaongezeka 10 mpaka 20 hivi, wewe yanaongezeka 32, hiyo ni dalili nzuri tu ya ukavu. 78 yenyewe haina tatizo, kawaida ya mtu aliyetulia ni 60 mpaka 100.

Fanya hivi. Kaa dakika tano umetulia upime mapigo na presha, simama, upime tena baada ya dakika moja na baada ya dakika tatu. Ile namba ya juu ya presha ikishuka kwa 20 au zaidi ukiwa umesimama basi jibu umelipata. Alafu ongeza chumvi, kikombe cha supu yenye chumvi asubuhi na kingine jioni, au nusu kijiko cha chai cha chumvi umekigawanya kwenye maji ya siku nzima. Najua Shirika la Afya Duniani linasema chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na mimi nauheshimu ushauri huo, ila umewekwa kwa watu wanaokula kawaida na wewe wiki hizi figo zako zinamwaga chumvi kuliko kawaida. Kama kweli huna presha, figo ni nzima na moyo ni mzima, hiyo nyongeza ya wiki mbili tatu haina shida. Wengi wanajisikia nafuu ndani ya siku moja au mbili. Usipopata nafuu nenda ukapimwe, usiendelee kuongeza chumvi tu, upungufu wa damu na tezi la shingo nazo zinakimbiza moyo hivyohivyo na hazijali unakula nini.

Kitu kimoja naomba usikifanye, kunywa lita na lita za maji matupu kwa sababu umesikia umekauka. Maji bila chumvi yanaizimua zaidi sodiamu iliyobaki, na sodiamu ikishuka sana kwenye damu mtu anachanganyikiwa mpaka anaweza kupata degedege. Kunywa kwa kiu.

SWALI: Natumia losartan na spironolactone kwa ajili ya presha. Kwenye grupu la keto wananiambia ninunue vidonge vya potasiamu pamoja na ile chumvi mbadala isiyo na sodiamu eti ndo inatuliza moyo. Ninywe ngapi?

JIBU: Usinywe hata kimoja. Na hiyo chumvi mbadala irudishe dukani au mpe asiyetumia dawa, manake chumvi nyingi za aina hiyo ni kloridi ya potasiamu, yaani ni vidonge vilevile ila vimesagwa.

Nieleze kwa nini nimekuwa mkali. Potasiamu kwenye damu inatakiwa iwe kati ya 3.5 na 5.0, hiyo nafasi ni nyembamba sana, na umeme wa moyo unaitegemea. Ikishuka sana moyo unavurugika, ikipanda sana moyo unaweza kusimama, na ya kupanda inatisha zaidi kwa sababu mara nyingi haikupi dalili yoyote mpaka imechelewa. Dawa zako zote mbili zinaifanya figo ibakize potasiamu. Ukiongeza ya vidonge juu yake unajaza mahali ambapo mlango wa kutokea umefungwa. Wanaokushauri kwenye grupu hawana nia mbaya, wao iliwasaidia, lakini hawatumii unachotumia wewe. Hata enalapril na lisinopril zinabakiza potasiamu hivyohivyo.

Kuna jambo la pili kwako. Keto yenyewe inashusha presha, sehemu kwa sababu ya ile chumvi inayotoka na baadaye kwa sababu ya uzito. Dawa uliyopangiwa ukiwa na kilo nyingi na wanga nyingi inaweza kuwa kali mno kwa sasa, ukisimama unaona giza. Usijipunguzie mwenyewe. Pima presha asubuhi na jioni wiki nzima, andika, mpelekee daktari, na umwombe kipimo cha figo na madini ya damu. Na chumvi ya mezani niliyomshauri msomaji wa kwanza, wewe usiiongeze mpaka mzungumze.

SWALI: Mwezi sasa kwenye keto, chumvi nakula vizuri. Kinachonisumbua usiku misuli ya shavu la mguu inakaza mpaka napiga kelele, na moyo kuna muda unaruka pigo moja afu unapiga kishindo. Kipimo cha magneziamu kimetoka sawa.

JIBU: Kipimo kutoka sawa hakinitoshi, magneziamu ya mwili mzima iliyo kwenye damu ni kama asilimia 1 tu, iliyobaki iko kwenye mifupa na ndani ya seli. Unaweza kuwa na upungufu na damu ikaonyesha uko vizuri. Na magneziamu ikiwa chini figo haiwezi kushika potasiamu hata ule kiasi gani, kwaiyo ukirekebisha moja bila nyingine unazunguka palepale.

Anza na chakula, mbegu za maboga, lozi, mboga za majani ya kijani kilichokolea, parachichi kwa ajili ya potasiamu, vyote vinaingia kwenye keto bila shida. Ukitaka kidonge na figo zako ni nzima basi miligramu 200 mpaka 300 kwa siku inatosha, ila epuka aina ya oksidi, inafyonzwa kidogo na inaharisha, na kuharisha ndo kunapoteza madini yaleyale tunayoyatafuta. Aina ya sitrati au glisinati mwili unaipokea vizuri zaidi.

Pigo kuruka mara mojamoja ni kitu watu wengi wazima wanacho, kahawa na kukosa usingizi vinaongeza. Hata hivyo kapige ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, mara moja ili tuwe na uhakika. Ikitokea umezimia, au kifua kinabana, au unahema ukiwa umekaa, au mapigo yanakwenda ovyo bila mpangilio au zaidi ya 120 umetulia na hayashuki, hapo sio suala la mbegu za maboga tena, ni hospitali muda huohuo.

SWALI: Nakimbia. Mwendo uleule wa zamani saivi mapigo yako juu sana na miguu mizito. Niache?

JIBU: Usiache, punguza mwendo. Misuli inahitaji wiki kadhaa kuzoea kuchoma mafuta na jasho linakuongezea upotevu wa chumvi. Kunywa kikombe cha supu ya chumvi kabla ya kutoka. Mazoezi ya kasi kali yanaweza yasirudi kama mwanzo ukiwa bado umekata wanga, hilo lijue mapema.

SWALI: Mama ana kisukari aina ya pili, anatumia empagliflozin. Ameanza keto na sisi, tangu jana anatapika, tumbo linauma, anahema haraka, mapigo 118. Sukari tumepima ni 9 kwaiyo sukari sio tatizo. Tusubiri mafua ya keto, yale maumivu na uchovu wa siku za mwanzo, yapite?

JIBU: Huyu nilimjibu siku ileile, jibu naliweka hapa kwa ajili ya wengine. Msisubiri. Empagliflozin na ndugu yake dapagliflozin zinatoa sukari kwa njia ya mkojo, kwaiyo damu inaweza kuonyesha sukari ya kawaida huku ketoni, zile asidi mwili unazotengeneza ukichoma mafuta, zimejaa mpaka damu imekuwa na asidi. Ukikata wanga ukiwa kwenye dawa hizi hatari inaongezeka. Mtu wa keto mzima ketoni zake huwa 0.5 mpaka 3 hivi na anajisikia vizuri, hatapiki wala hahemi. Mpelekeni sasa hivi na pale mapokezi semeni wazi anatumia empagliflozin na amekata wanga, wampime ketoni na asidi ya damu hata wakiona sukari ni 9, kwa sababu mhudumu akiona namba hiyo peke yake anaweza kumrudisha nyumbani.